Maji ya Ng'ambo katika Maduka Manne

Wafaa wa Malindi ya Mji Mkongwe tangu mdogo ana maradhi mamoja: akiona maji yanapita, lazima ajue yanakwenda wapi. Mwaka 1985 tulikuwa darasa moja. Mvua ikinyesha, sisi wenye akili zetu tunakimbilia barazani, yeye anabaki mtaroni na sare imemgandia mwilini, kadondosha kipande cha karatasi anakifuata mpaka kinapopotelea. Mamaake alimpiga mpaka akachoka yeye. Mimi, Riyama, mtu wa asili ya Tumbatu niliyelelewa Ng'ambo, nilikuwa namwita mwehu. Mwehu huyo ndiye shoga yangu, na nitamsema nnavyotaka.

Alipokua akapata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya wachora ramani. Ilipoletwa kompyuta, wenzake waliifunika kitambaa wakaiogopa. Yeye akauliza kama mashine ile inaweza kutiririsha maji. Hakuna aliyemjibu, basi akawa anakwenda Tunguu chuoni kusoma, siku za mapumziko, na kila akirudi ana swali jipya la kunichosha nalo.

"Hebu nambie," nilimuuliza siku moja, "maji yataingiaje ndani ya kioo?"

"Hayaingii. Nnaikata ramani vipande vidogo vidogo, kama vigae vya sakafu. Kila kigae kinajua urefu wake kutoka usawa wa bahari, na kinawajua majirani zake tu. Mvua ikinyesha kinawauliza: nani yuko chini yangu? Huyo ndiye anayepewa maji. Kama sisi Ramadhani tunavyopelekeana futari. Nyumba ya Malindi haijui ya Kikwajuni inapika nini, lakini sahani zinazunguka mji mzima."

Nilicheka, lakini lile jambo lilinikaa kichwani. Nikawa napita njiani naangalia ardhi, najiuliza kigae hiki kitampa nani.

Urefu wenyewe tuliupima sisi wawili, kwa mpira wa maji wa mafundi waashi, ule mrefu unaoonyesha maji ndani. Mimi nashika ncha hii, yeye anakwenda na ncha ile mpaka kona ya pili, tunasubiri maji yatulie, anaandika. Watu walituona tumerukwa na akili. Mtu mmoja alituuliza kama tunapima kaburi la mji, na Wafaa akamjibu kwa adabu kwamba inategemea mvua.

Taabu ikawa kompyuta. Ramani kutoka Mji Mkongwe mpaka Ng'ambo ilikuwa kubwa mno kwa mashine moja, na umeme wetu mnaujua. Ulikatika mara moja tu, diski ikafa na kazi ya mwaka mzima ndani yake. Nakala alizokuwa nazo kwenye diski ndogo ziliota ukungu kwa hewa ya chumvi. Alilia, kisha akanyamaza, na Wafaa akinyamaza ujue anapika kitu.

Alichopika ni hiki. Ramani akaigawa mafungu manne, akayapeleka katika maduka manne yenye kompyuta. Matatu ya binamu zake: Samir wa Darajani, Amjad wa Mkunazini na Turki wa Shangani. La nne langu, la kupiga chapa na kutoa fotokopi, lililoko bondeni Ng'ambo karibu na nyumba ya mama yangu, Bi Mwanapili, pale ambapo zamani mkono wa bahari ulikuwa ukiingia kabla haujafukiwa. Kila mashine inapiga hesabu ya fungu lake wakati wateja wameondoka. Halafu Wafaa anapita na diski zake, anachukua maji yaliyofika mpakani kwa Samir anayatia kwangu, ya kwangu anayapeleka kwa Amjad. Na kila duka linaweka fungu lake na nakala ya fungu la jirani.

"Ikifa mashine moja," alisema, "ramani haifi."

Nilimwona ana akili kuliko mji mzima, na nikamwambia. Sikujua kwamba baada ya muda mfupi ningemfukuza.

Siku hiyo alikuja dukani na sura si yake. Jaku, mfanyabiashara wa saruji, alikuwa amenunua kiwanja nyuma ya nyumba yetu, na anataka kuzungushia ghala lake ukuta. Wafaa akafungua picha kwenye kompyuta yangu. Akauweka ukuta, akanyesha masika. Maji yalishuka, yakaufikia ukuta, yakageuka. Nikaiona nyumba ya mama inageuka buluu, chumba kimoja baada ya kimoja, mpaka kwenye kitanda chake. Mama wakati huo miguu haimchukui, hawezi kuinuka bila ya mtu.

Nilifura. "Wafaa, unamchuria mama yangu kifo ndani ya duka langu?"

"Si uchuro, Riyama. Ni hesabu tu."

"Hesabu za kumzamisha mama yangu kazifanyie kwenu."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Tulinuniana tangu Mfunguo Sita mpaka Rajabu, miezi minne mizima. Tukikutana sokoni, mimi naangalia mchicha, yeye anaangalia ndizi. Nilisema nitayafuta mafaili yake, lakini kila nikikaa kuyafuta, mteja huyo kaingia. Na ukweli, kufuta kwenyewe sikujua.

Rajabu hiyo ikatoka habari kwamba Bi Sheikha wa Chukwani amefariki. Huyo ndiye bibi aliyewalea Wafaa na binamu zake wote, na msiba si jambo la kununiana. Nikavaa buibui nikaenda. Nikampata Wafaa kakaa na wanawake, macho yamemvimba. Nikamshika mkono.

"Poleni na msiba."

"Tushapoa," alisema, na hakuuachia mkono wangu. Kisha akaninong'oneza: "Mkutano wa sheha wa mtaa wenu juu ya ukuta wa Jaku ni kesho asubuhi. Nilikuwa niende na picha."

"Basi waambie kina Samir wakufungulie duka moja."

Niliposema tu nikaelewa upumbavu wa maneno yangu. Samir, Amjad na Turki walikuwa nje wametoka kuzika, na khitma bado. Mpaka isomwe, hakuna duka la mfiwa linalofunguliwa, na hakuna mtu wa kwenda kumwambia kijana aliyemteremsha bibi yake kaburini kwamba anataka funguo.

"Nilifikiri umeme, nilifikiri ukungu," alisema Wafaa. "Nikazitawanya mashine mji mzima. Watu sikuwatawanya. Wote bibi yao mmoja."

Halafu akauliza kwa woga, yeye ambaye hana woga: "Nakala ya kwako umeifuta?"

Nikamwambia sijaifuta. Akafumba macho. Fungu langu lilikuwa mtaa wetu, na nakala ya jirani niliyowekewa ilikuwa kiwanja cha Jaku. Akanieleza: faili la kwanza ni masika ya zamani, ya wakati tuko shule, aliyoyatumia kuijaribu hesabu yake, la pili ni ukuta.

Asubuhi nilifungua kompyuta kabla ya mkutano. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Nilimwona mama anazama mara ya pili, na safari hii hakuwepo Wafaa wa kumtukana. Nikajiuliza: kama ni uchuro, kuuonyesha watu si kuuzidisha? Na kama si uchuro, mama nitampeleka wapi? Nikaenda kwa sheha.

Sheha wetu, Mzee Abrahman, alikuwa anakaribia kuufunga mkutano. Nikamwamkia, nikaomba waje dukani kwangu, hatua chache tu. Wakaja wote, na mama akaletwa kwa kiti kwa sababu alikataa kuachwa. Jaku alisimama mbele kabisa, mikono nyuma.

"Huu mchezo wa watoto," alisema alipoiona ile buluu.

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, lakini nikakumbuka faili la kwanza. Nikaigeuzia ukutani ile kompyuta isionekane, nikamuuliza mama: "Mama, masika yale tuliyokuhamishia kwa jirani, maji yalifika wapi kwetu?"

"Ngazi ya pili ya baraza," alisema mama. "Ya tatu haikuguswa, paka wangu alilala pale."

Jaku mwenyewe, aliyekuwa na duka la kupanga kwenye kona wakati huo, akaulizwa na sheha. Akasema kwake maji yaliishia kizingitini. Ndipo nilipoigeuza kompyuta nikalifungua faili la kwanza. Nilikuwa sijawahi kulitazama faili lile, nikalitazama pamoja nao. Maji yalipanda ngazi ya kwanza, yakapanda ya pili, yakasimama. Kwenye kona yaligusa kizingiti cha Jaku, yakasimama.

Watu wakasogea. Jaku aliinama karibu na kioo, akauliza Wafaa ameyajuaje, naye wakati huo alikuwa msichana wa shule. Nikamwambia alikuwa nje anarowa. Akaomba aonyeshwe tena ule ukuta, na safari hii aliuangalia mpaka mwisho, mpaka kitandani kwa mama. Mama naye aliangalia.

"Kitanda changu hicho," alisema mama. "Jaku mwanangu, niachie njia ya maji."

Jaku akaacha uwazi mpana chini ya ukuta, pale pale Wafaa alipopachora baada ya khitma. Masika yakaja kwa vishindo. Mimi na Wafaa tulikaa barazani kwa mama tunayahesabia ngazi, na maji yakapita uwazini kama yaliyoitwa. Nilimwambia anisamehe kwa lile la uchuro. Akasema ameshasamehe, lakini ana shida nyengine.

"Nakala yako imesalimika kwa sababu wewe si wetu, shoga. Sasa umeshakuwa wetu. Nnataka mtu wa tano, asiye na jamaa na mtu yeyote hapa."

Tulifikiri, tukacheka, tukasema kwa pamoja: Jaku. Akapelekewa diski ghalani kwake, akaiweka kwa heshima kama hati ya nyumba.

Mama aliishi miaka myengine mingi katika nyumba ile, na alifariki juu ya kitanda chake, kikavu. Samir alifunga duka, na Amjad, na Turki. Langu lilifungwa. Jaku alifunga ghala akaja kubeba jeneza, akalia kuliko watoto wa ndugu. Siku zile ramani ya Ng'ambo isingeweza kufunguka popote mjini, na Wafaa, aliyekuwa jikoni kwetu anaosha masinia, hakuiulizia.