Mfuko Alioukataa Baba

Baba aliukataa mfuko kwa adabu, kama anayekataa kikombe cha pili cha chai.

"Nashukuru, daktari. Lakini mimi ni mzee wa kanisa. Nitahudumu vipi kwenye meza ya Bwana na choo changu kinaning'inia tumboni?"

Saratani ilikuwa chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, na mionzi ilishaudhoofisha mwili pale. Daktari angekikata kipande kile, kisha aunganishe utumbo uliobaki. Mfuko ungekuwa wa miezi michache tu: choo kingetokea tumboni ili mshono upone bila kuguswa. Nikauliza kama upasuaji wa matundu madogo usingetuondolea hofu hiyo.

"Matundu yanapunguza kidonda cha nje na maumivu," daktari akasema. "Mshono wa ndani ni ule ule. Unaweza kuvuja hata kwa mkono mzuri. Ukivuja na mfuko hakuna, uchafu wote unaingia tumboni."

"Mishono yako imewahi kuvuja?" nikamuuliza.

"Imewahi."

Jibu hilo lilinifanya nimwamini. Baba hakutikisika. Akatia sahihi: upasuaji, bila mfuko.

Baada ya upasuaji, mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Daktari akipita wodini asubuhi humwambia, "Hujambo, mzee?" na Baba hujibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Kwetu salamu haijibiwi kwa ugonjwa. Hata ukiwa na dripu mkononi, kwanza hujambo. Maradhi huja baadaye, ukiulizwa tena na mtu anayefaa. Daktari alikuwa na wodi nzima ya kuzungukia. Hakuuliza tena.

Mimi niliuliza, maana hewa ikitoka ndiyo dalili kwamba utumbo umeanza kazi. "Baba, umeanza kutoa hewa?"

Akageukia dirisha. "Mama, hayo si ya kuulizwa na mwanangu."

Uji niliomletea kutoka nyumbani Bombolulu ulipoa bila kuguswa. Akasema amefunga kwa maombi. Tumebishana juu ya kufunga kwake tangu niingie chuo kikuu, na siku hiyo sikutaka kuanza tena. Lakini midomo yake ilikuwa imekauka vibaya, nami sikuacha kuitazama.

Alasiri akafika shangazi, amevuka feri kutoka Likoni. Yeye na Baba ni mabinamu, tena watani. Tangu utotoni hawajawahi kuongea kwa heshima.

"Weye hujafa bado? Na leso ya matanga nishanunua!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka.

"Haya, sema. Umejamba? Ukoo mzima unangojea mlio."

Baba akaangua kicheko. Kikakatika katikati. Akajishika chini ya kitovu, jasho likamtoka usoni. Shangazi akamwekea mkono kwenye paji, na sauti yake ikashuka.

"Unawaka moto. Tumbo limeanza lini kuuma?"

"Tangu juzi," Baba akasema. Alimwambia yeye, si mimi. "Nilitaka niruhusiwe kabla ya Jumapili, niwahi meza ya Bwana."

Nilikimbia kumwita muuguzi. Daktari alipolibonyeza tumbo, lilikuwa gumu kama ubao.

"Nadhani mshono umevuja, mzee. Tunarudi ndani sasa hivi, na safari hii lazima mfuko. Unakubali?"

Baba akafumba macho. Kitanda cha magurudumu kilikuwa tayari mlangoni. Nilifungua mdomo nianze hoja zangu. Shangazi akanikanyaga mguu.

"Kataa," akamwambia. "Jumapili nitashika kikombe mimi, na divai yote nitaimaliza peke yangu."

Baba akanyoosha mkono apewe kalamu atie sahihi.

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mimi na shangazi, naye hakufanya utani hata mmoja. Nilipomtazama, midomo yake ilikuwa inaomba. Sikubishana nayo.

Asubuhi Baba alikuwa hai, mfuko umefungwa ubavuni chini ya shuka. Daktari akaja.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo." Akanitazama kidogo, kisha akarudisha macho kwa daktari. "Ila hapa panauma."