Ng'ombe wa baba kahamia kwa jirani

Leo nimefanywa mwizi wa ng'ombe katikati ya maonyesho ya sanaa.

Tuko wachoraji sita, kazi zote za kompyuta, kwenye ukumbi mmoja hapa Mwanza. Yangu iko kwenye skrini kubwa: ng'ombe mweupe, na chini yake nimeandika NG'OMBE WA MAREHEMU BABA.

Baba mdogo katoka Bariadi na basi la alfajiri kuja kuiona. Akawaamkia wote kwa Kisukuma, "Mwangaluka", hadi mlinzi. Kisha akasimama mbele ya ng'ombe, akamkazia macho. Nikajua machozi yanakuja.

"Huyu si wetu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Alama yetu ni kukata sikio la kushoto. Huyu kakatwa la kulia, ni wa jirani. Umemtoa wapi?"

Jamani, nilimchora kwa picha ya zizini kwetu kabisa! Ila nilimgeuza kwa kompyuta ili aangalie mlangoni. Nilibofya mara moja tu, sikio likahama upande.

Watu wamejaa, wanasikiliza.

"Mrudishe," akasema. "Baba yako hakuwahi kulaza ng'ombe wa mtu zizini kwake."

Nikabofya. Ng'ombe akageuka, na maandishi nayo yakageuka, yakasomeka kinyumenyume. Nikataka kuyarekebisha, akanishika mkono.

"Maandishi someni nyie. Mimi nasoma masikio."

Ndipo akavua kofia mbele ya ng'ombe wa kaka yake.

Wenye ng'ombe mliomo humu, kwenu mnakata sikio lipi?