Maiki Isiyo na Mwimbaji

Kila nikisikia mtu akigonga maiki kwa kidole kuijaribu, na spika ikijibu kwa ule mlio unaotia meno ganzi, hurudi Masinga nikiwa darasa la nne. Hunijia harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji lisipande, petroli ya jenereta, na katani mbichi mikononi mwa mama yangu. Nawasimulia ninyi kwa sababu wanangu nikiwaambia hucheka. Wao muziki wanao kwenye simu. Hawajui mtu kuingoja bendi kama tulivyoingoja mvua, kwa kutazama barabara.

Bendi yetu ilikuwa Ndata Boys. Ndata ni nyota kwa Kikamba, na kwetu wale watu walikuwa nyota kweli, ingawa mpiga besi alikuwa na kiatu kilichofungwa kwa waya. Walipiga mchana, siku za soko na siku za sikukuu, katika ukumbi wa mabati wenye madirisha yasiyo na vioo. Kiongozi wao, Kyalo, aliimba sauti ya kwanza na kupiga gita la solo. Alipokolea alifumba macho na kutoa ulimi kidogo pembeni, kama mtoto anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza. Nilimpenda kwa moyo wote. Nilijua nyimbo zake zote ubeti kwa ubeti, na pale alipokohoa kwenye kaseti, na mimi nilikohoa.

Aliyenipeleka ni mama, na hilo liliwashangaza wengi. Mama alikuwa mwanamke wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, na kanisani kwetu ukumbi wa dansi ulitajwa kwa pumzi moja na pombe. Baba alifanya kazi Athi River na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hivyo hapakuwa na wa kuuliza. Mama aliwaambia majirani kwamba anakwenda sokoni kuuza vyondo. Alikwenda, akauza, na bendi ilipoanza tukasimama nje ya dirisha la kando la ukumbi. Hakuingia hata siku moja. Alisuka kiondo kingine papo hapo akiwa amesimama, vidole vikienda vyenyewe.

Nilikuwa na raha, lakini kulikuwa na kitu kilichonitia baridi mgongoni.

Jukwaani palikuwa na maiki mbili, na ya pili haikuwa na mtu. Kabla ya muziki waliigonga kama ile ya kwanza, wakaipandisha hadi kimo cha mtu fulani ambaye hakuja. Kisha katikati ya wimbo mmoja, ule ule kila mara, pale ambapo kwenye kaseti sauti ya pili huingia, Kyalo alirudi nyuma hatua moja na kunyamaza. Magita yaliendelea, polepole, chinichini. Watu wazima waliacha kucheza. Wengine walivua kofia. Halafu Kyalo alirudi kwenye maiki yake na wimbo ukaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Mimi niliijua vizuri ile sauti ya kwenye kaseti. Ilikuwa nyepesi, yenye mkwaruzo kidogo, na ilimfuata Kyalo kama mtu anayemfuata mwenzake kwenye kijia chembamba. Kwa hivyo kila tulipofika pale niliisikia kichwani, wazi kabisa, na jukwaani sikuona mdomo unaoitoa. Rafiki yangu Mwende aliniapia kwamba ukiitazama maiki ile bila kupepesa macho utaona waya wake ukitikisika. Nilitazama. Ulitikisika. Miaka yote hii nimejiambia ilikuwa ni mtetemo wa spika.

Na mama hakutazama jukwaa. Hilo pia niliona mapema bila kuelewa. Aliipa bendi mgongo nusu, akawatazama watu: walioingia, waliotoka, waliosimama chini ya miti ng'ambo ya barabara. Alitazama uso mmoja, kisha mwingine, bila haraka, kama mtu anayechambua maharagwe.

Siku iliyofuata Krismasi, ukumbi ukiwa umefurika, Kyalo alizungumza kabla ya wimbo ule. Kwa kawaida alikuwa mtu wa mzaha, wa kuuliza watu wa Ndithini wako wapi na watu wa Yatta wamekuja na nini. Siku hiyo hakumtania mtu.

"Huu ni wa ndugu yetu Mutinda," alisema. "Maji yalimchukua, lakini nafasi yake hatumpi mtu. Mutinda, popote uko, maiki yako iko hapa."

Vidole vya mama vilisimama kwenye kiondo. Mutinda lilikuwa jina la mdogo wake. Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba Mjomba Mutinda alisafiri.

"Mwaitu," nilimwita, kwa Kikamba, kama nilivyomwita nilipoogopa, "ni mjomba huyo? Ndiye anaimba kwa kaseti?"

"Ndiye."

"Alikufa?"

"Nani amekuambia amekufa?" Hakunitazama. "Maji yalimchukua. Hayajamrudisha. Hayo tu ndiyo tunajua."

Tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani alinieleza, kidogo kidogo, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Bendi ilikuwa ikitoka kupiga ng'ambo ya mto, msimu wa mvua kubwa. Pikapu ilizimika katikati ya maji. Wote walifika ukingoni isipokuwa Mutinda, aliyerudi kushika spika. Wanaume walitafuta siku nyingi, hadi kwenye bwawa, wavuvi wakapita na mitumbwi yao kila kona. Spika ilipatikana, na shati lake pia.

"Watu wanasema mtu akigonga kichwa anaweza kusahau kwao," mama alisema. "Anatembea tu, hajui jina lake. Sasa mimi najiuliza, kama yuko hai, anaweza kusahau nyumbani. Anaweza kunisahau hata mimi. Lakini gita la Kyalo? Hilo akilisikia, atakuja."

Basi tangu siku hiyo tulikuwa wawili wa kutafuta. Mama alinipa alama: mwanya kwenye meno ya mbele, bega la kushoto lililoshuka kidogo. Sikumkumbuka mjomba vizuri, kwa hivyo nilimwona kila mahali. Nilimwona kwa mwanamume aliyekuwa akinywa soda peke yake, na kwa aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Nyuso za watu wazima zilianza kunitisha, maana yeyote kati yao angeweza kugeuka na kuwa yeye. Hata shuleni, mwalimu mgeni akiingia, nilimtazama kwanza bega.

Pasaka, Ndata Boys walialikwa Machakos mjini, kwenye uwanja, pamoja na bendi nyingine. Mama alisema lazima twende, kwa kuwa watu wangekuja kutoka kila upande. Sijawahi kuona muziki mwingi hivyo. Bendi ya kwanza ilivaa suti nyeupe na viatu vyeupe, na kufikia wimbo wa tatu vumbi lilikuwa limewageuza rangi ya mtama. Hapakuwa na dirisha la kujificha. Kwa mara ya kwanza tulisimama katikati ya watu, mama ameshika mkono wangu kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

Ndata Boys wakapanda. Maiki mbili. Ulipofika wimbo ule, Kyalo akarudi nyuma hatua moja, magita yakashuka.

Na sauti ya pili ikaimba.

Haikutoka jukwaani. Ilitoka nyuma yetu, upande wa kushoto, katikati ya watu: nyepesi, yenye mkwaruzo, ikifuata kila kona ya wimbo bila kukosea. Mama hakupiga kelele. Aliuacha mkono wangu, akawapasua watu kwa viwiko, yeye ambaye kanisani hakuwahi kumpita mtu bila kuomba radhi. Nilimfuata mbio nikiwa nimeshika sketi yake.

Alikuwa mwanamume mfupi, mnene, mwenye kofia ya sufu licha ya jua. Alikuwa amefumba macho. Mama alimshika bega, lile la kushoto, akamgeuza.

Yule mtu alifungua macho, akaogopa. "Pole, mama. Nimekukanyaga?"

Mama alimtazama meno. Alimtazama muda mrefu, hata watu wakaanza kutupisha.

"Wewe ni wa wapi?"

"Ndithini. Niko na mbuzi nauza huko."

"Huu wimbo nani alikufundisha?"

"Si redio tu. Nampenda sana huyo kijana wa sauti ya pili." Alivua kofia, akaikunja mkononi. "Wanasema alikufa na maji."

Nilingoja mama amjibu kama alivyonijibu mimi.

"Ndiyo," alisema. "Alikufa. Ni mdogo wangu."

Yule mtu wa mbuzi hakujua aweke wapi mikono. "Pole sana, mama. Basi nitanyamaza."

"Aiee, usinyamaze. Imba. Umalize."

Akaimba, kwa aibu mwanzoni, kisha kwa sauti yote. Mama alisimama kando yake na kuelekeza uso wake jukwaani, akautazama wimbo hadi mwisho.

Baadaye tulimkuta Kyalo nyuma ya jukwaa, gita bado likiwa shingoni. Alimwamkia mama kwa heshima, akiinamisha kichwa.

"Kyalo," mama alisema, "tafuta mtu asimame pale."

"Siwezi, dada. Akirudi nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mimi nilisema."

Kyalo alilia bila kufunika uso. Sikuwa nimewahi kuona mtu wa bendi akilia, nikaangalia viatu vyangu.

Mwaka huo walimchukua msichana kutoka Yatta, mwenye sauti nzuri kama asali, na kijiji kizima kikamsifu. Mama hakwenda kumsikia. Aliendelea na kwaya yake na vyondo vyake. Nilipomwomba anipeleke alisema niende na kina Mwende, na nilikwenda, miaka mingi, kwa bendi nyingi. Nilidhani mama alichoka na muziki, kama watu wazima wanavyochoka na vitu.

Nilikuwa nimeshaolewa, nikikaa Syokimau, tulipomzika baba. Pale kaburini mama alipewa udongo autupe. Aliushika kidogo, akauachia, kisha akainua uso na kutazama mbele, macho makavu, kidevu kimetulia. Uso ule niliujua. Niliuona mara moja tu maishani, Machakos, kando ya muuza mbuzi. Ndipo nikaelewa kwamba siku ile, katikati ya watu wenye soda na mahindi ya kuchoma, nilikuwa nimehudhuria mazishi ya mjomba wangu. Na kwa kuwa sauti ya pili ilikuwa imeimbwa vizuri hivyo, nami nilikuwa mtoto, wimbo ulipochangamka tena nilicheza.