Shati la Abdias Lililotoa Maji

Kila asubuhi, kabla hajazungumza na mtu, Abdias Maliro aliwasha kamera yake, akarekodi kiganja cha mkono wa kushoto huku akihesabu mpaka kumi, kisha akairudisha kanda nyuma na kutazama. Kiganja kikitoka safi, kazi ipo. Picha ikitoka na mistari, alichukua pamba na spiriti, akasafisha kichwa cha kamera kinachosoma kanda, akaanza tena. Jokébed, aliyeigiza katika filamu zake zote tano, alizoea kungoja mlangoni mpaka hesabu iishe.

Abdias alizaliwa Mangina, kwenye shamba la kahawa la baba yake, akaja mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, kuchora vibao vya maduka. Kamera aliletewa na mjomba wake, mfanyabiashara, aliporudi kutoka Dubai. Jumamosi alipiga picha za arusi. Siku nyingine alitengeneza filamu zake. Hakuna aliyemfundisha. Moshi wa vita aliufanya kwa majani mabichi ya mikaratusi. Moto wa nyumba aliuchora kwenye kioo, akakisimamisha mbele ya kamera, na majirani wakaapa kwamba nyumba iliungua kweli. Mwigizaji wa kupigwa risasi alifungiwa chini ya shati kimfuko cha nailoni chenye mawese na nyanya, pamoja na pini iliyofungwa uzi. Ukivuta uzi, kifua kinatoka damu.

Mwaka wa 2001, katika filamu ya tano, alichoka na damu. Akajaza kimfuko maji matupu. Shujaa akapigwa risasi, kifua kikamwaga maji, akaendelea kutembea. Abdias alipoitazama alicheka mpaka akakaa chini.

Huko Beni, mji wa jirani, watu hawakucheka. Wapiganaji wa msituni walikuwa wakiwaambia vijana kwamba dawa yao hugeuza risasi kuwa maji, na sasa walikuwa na ushahidi. Mwandikishaji wao, Kahongya, aliizungusha kanda hiyo kutoka kijiji cha Mabalako hadi mjini, na kila ilipoonyeshwa vijana walimfuata. Jokébed alijua hayo siku mdogo wake Salomon, aliyeishi Beni, alipokuja kumuaga ili akajiunge nao.

"Yaya, dada yangu, hata weye uko ndani ya ile filme. Uliona mayi na macho yako."

"Ile mayi ni ya bomba, Salomon! Miye njo niliichota!"

"Balituambia mutakataa. Munakatazwa kutoa siri."

Akaondoka. Jokébed alikimbia kwa Abdias, akamweleza yote. Abdias alichukua kimfuko, pini na uzi. Alikunja shati moja, akatia kamera begani, wakapanda lori la kwenda Beni.

Jumapili alasiri chumba cha Beni kilichoonyesha ile kanda kilijaa. Kahongya alikaa mbele, bunduki mapajani. Nyuma yake vijana kumi na wawili, Salomon kati yao, vifurushi miguuni. Kifua cha shujaa kilipomwaga maji, chumba kizima kilipiga kelele. Abdias, uzi ukining'inia chini ya shati lake, akasimama mbele ya televisheni, akaizima.

"Bandugu, miye njo mwenye hii filme. Salomon, kuya. Vuta huu uzi."

Salomon akasita, akavuta. Maji yakaruka kutoka kifuani mwa Abdias, yakawalowesha waliokaa mbele. Kisha mama mmoja muuza karanga akasema, "Eh! Kumbe shati inakojoa!" Chumba kikapasuka kwa kicheko.

Kahongya alisimama, akaelekeza bunduki kwenye lile shati lililolowa. Kicheko kikakatika.

"Sema ile mayi ni ya dawa."

"Ni ya bomba, chef."

"Sema!"

"Dawa iko kwako. Basi ipimie kwa kifua yako. Hii yangu hapana dawa."

Hakurudi nyuma hata hatua moja. Muuza karanga akaweka sinia lake chini, akaenda kusimama kando yake. Jokébed naye akasimama upande wa pili. Kahongya aliwatazama wote watatu, kisha akawatazama vijana wake. Hakuna aliyemtazama yeye. Akaipokonya ile kamera begani mwa Abdias, akatoka. Waliomfuata walikuwa wawili. Salomon alibaki amesimama, uzi bado umemzunguka kidole.

Walirudi Butembo siku ya pili, wao wawili na Salomon, juu ya magunia ya lori. Walipofika mlimani Jokébed akamgeukia Abdias.

"Na kama angefyatua?"

"Ningekufa," alisema Abdias.