Shingo Yangu na Chama cha Madaktari

Uvimbe ulianza chini ya sikio la kushoto, mdogo, mgumu, usiouma. Nilidhani ni jino. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nauza uji kwa makuli wa steshoni ya reli pale Eldoret, mji ambao wengi wetu bado tuliuita Sisibo, na mtu anayeamka alfajiri kusaga na kukoroga unga wa wimbi hana nafasi ya kukaa akijipapasa shingo. Niliufunika kwa kitambaa cha kichwa nikaendelea na kazi.

Mwaka ulipogeuka kitambaa hakikutosha tena. Uvimbe ulikuwa umejaza nafasi yote kati ya sikio na taya, mdomo haukufunguka vizuri, na makuli walianza kunipita na vikombe vyao vya bati. Hawakuniambia kitu. Wangeniambia ningewajibu. Walikwenda tu kwa mwanamke mwingine aliyekaa upande wa pili wa mabehewa, na uji wake, nasema hivi bila wivu wowote, ulikuwa na mabonge. Niliumia sana. Siku nyingine nilirudi nyumbani na debe karibu zima, watoto wakanywa uji asubuhi, mchana na jioni mpaka wakaanza kuununia.

Mume wangu alikuwa akipakia magunia ya mahindi kwenye ghala la reli hiyohiyo. Alitaka nirudi kwetu magharibi nikatafutiwe miti shamba na mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kutuma neno kwamba nimerogwa na mtu niliyemnyima uji. Kama ni hivyo basi nusu ya steshoni ilikuwa imeniroga.

"Baba watoto," nilimwambia, "nikienda kule nitazikwa kule, na wewe unajua."

Akaendelea kukung'uta vumbi la magunia kwenye shati lake. Alikuwa mtu mpole na nilimpenda, lakini upole wake ulikuwa unanipeleka kaburini.

Nikaenda hospitali ya Waafrika. Daktari wa pale alikuwa Mzungu kijana, shingo imeiva kwa jua, mwenye Kiswahili alichojifunza kwa watu wa mashamba. Alinipapasa, akanichungulia mdomoni, akakata kipande kidogo cha ule uvimbe akakituma Nairobi ndani ya chupa. Jibu liliporudi aliniita, na akamwita pia dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda ambaye ndiye aliyekuwa akitutafsiria.

"Mama, hii mbaya," alisema daktari. "Hii kansa."

Nilimuuliza inatibiwa vipi. Hapo akamgeukia dresa, akaongea kwa Kiingereza muda mrefu, na nilichoelezwa sijakisahau. Kulikuwa na daktari mmoja tu Nairobi aliyejua kupasua shingo za namna yangu. Huyo ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama cha madaktari wa nchi nzima. Daktari wetu na wenzake wachache walikuwa wanapigania ndani ya chama hicho kansa za kichwa na shingo zitibiwe kwa Waafrika pia, iwepo wodi, wawepo watu waliofundishwa. Mwenyekiti na wakubwa wenzake walikuwa wanakataa. Walisema hakuna haja, kwa kuwa Mwafrika hapati kansa. Jibu la ile chupa walilisikia, wakasema labda chupa zilichanganywa.

Kwa hiyo nilikuwa na ugonjwa ambao sikuruhusiwa kuwa nao. Nilicheka, na kucheka kuliniuma.

"Chama kinakuja kukutana hapa Eldoret," dresa aliendelea. "Daktari anaomba uje wakuone kwa macho yao. Wakiamini, atamwomba mwenyekiti akupasue."

"Na wasipoamini?"

Daktari alijibu mwenyewe. Alisema uvimbe utanifunga koo, na kwamba hadhani nitaona mahindi ya mwaka ule yakivunwa. Mahindi wakati huo yalikuwa yamefika magotini.

Mkutano ulikuwa kwenye klabu ya wazungu. Mwafrika aliingia mle tu akiwa amebeba sinia au ufagio, na mimi sikuwa na kimojawapo, kwa hiyo mimi na dresa tulipitia jikoni. Mlango wa mbele ningeuvunja siku hiyo kama ungenisaidia, lakini nilikuja kwa ajili ya shingo. Mpishi alikuwa mtu wa kwetu. Aliponisikia naongea aliniita dada, akanipa kigoda na chai yenye maziwa mengi, nikainywa kidogokidogo kwa upande mmoja wa mdomo huku vijana wa kanzu nyeupe wakihesabu uma na visu vya chakula cha mchana.

Kisha nikaitwa. Chumba kilikuwa kikubwa, chenye moshi wa viko, na wanaume wamekaa kwenye viti kuzunguka kiti kimoja kitupu. Hicho ndicho kilikuwa changu. Hakuna aliyeniamkia. Daktari wetu alisimama kando yangu akaanza kueleza, na kabla hajafika mbali wakaanza kubishana, huyu anasema, yule anamkata, mmoja anagonga kiko chake kwenye sahani. Mabishano yalichukua muda. Nilimgeukia dresa.

"Wanasemaje?"

Dresa alijikuna shavu. "Wanasema pole, mama."

"Watu wazima wamefokeana muda wote huo wanatafuta namna ya kuniambia pole?"

Nilimwambia kwamba nyumbani kwake ana mama, na kwamba siku mama yake atakapokaa kwenye kiti kama kile, Mungu ampe mtu wa kumwambia ukweli. Akavuta pumzi akaniambia yote. Mmoja amesema ni jino bovu. Mwingine amesema ni tezi za kifua kikuu. Mwenyekiti, yule mzee mrefu mwenye mvi, amesema anasikitika daktari kijana amewapotezea asubuhi.

Mwenyekiti huyo ndiye aliinuka wa kwanza kuja kunipima. Sasa, mimi sikujua kwamba madaktari hupapasa shingo wakiwa nyuma ya mgonjwa. Hakuna aliyefikiria kuniambia. Nilichokiona ni mtu mkubwa ananizunguka bila neno, anapotea nyuma yangu, halafu mikono miwili baridi inanishika koo. Kwetu anayekushika koo kutoka nyuma ni mtu wa namna moja tu. Niliruka, kiti kikaanguka, na mikono yake nikaitupa kando kwa nguvu ambazo sikujua kama bado ninazo.

Hasira ilikuwa nyingi kuliko woga.

"Waambie hivi," nilimwambia dresa, "na usipunguze hata kidogo. Anayetaka shingo yangu aje mbele nimwone uso. Anisalimie. Aniambie anataka kufanya nini. Halafu ndiyo aende huko nyuma. Mimi si ng'ombe wa mnada."

Dresa alitafsiri. Najua hakupunguza, kwa sababu nyuso kadhaa zilibadilika rangi. Daktari wetu alifungua mdomo, nadhani aniombee radhi, akaufunga tena bila kusema, na kwa hilo nilimheshimu.

Mzee wa mvi alikiinua kiti mwenyewe. Alikuja mbele. "Jambo, mama," alisema.

"Sijambo, Daktari."

"Mimi nataka shika shingo. Pole pole."

"Shika."

Walipanga mstari, wote, kila mmoja akija mbele na salamu yake. Wengine waliisema kama wanatapika, lakini waliisema. Yule mwenye kiko nilimrudisha, kwa sababu alinisalimia akitazama dirishani. Akarudia.

Mzee wa mvi ndiye aliyekaa zaidi. Vidole vyake vilitambaa chini ya taya, vikashuka kwenye mfupa wa bega, vikarudi. Aliomba nifungue mdomo akapapasa ndani pia. Alipomaliza alinawa mikono, akawatazama wenzake akasema neno moja, na hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Kansa.

Sijui kama yupo mtu mwingine aliyewahi kufurahi kuambiwa hivyo. Nilifurahi. Nilijiona kama niliyeshinda kesi, na kwa dakika chache nilisahau kuwa niliyoshinda ni kesi ya kufa.

Basi wakaanza kuongea tena, lakini safari hii kwa upole, wakiinua mikono, mmoja akiandika. Daktari wetu alikuwa anang'aa uso. Dresa aliinama akaninong'oneza kwamba chama kimekubaliana: wataiandikia serikali, wataomba wodi ya kansa za kichwa na shingo kwa Waafrika, wataunda kamati, kamati italeta taarifa kwenye mkutano wa mwaka ujao. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akanigeukia akasema nimefanya jambo kubwa kwa watu wangu, chama kinanishukuru, na sasa naweza kwenda.

Wakainuka. Mimi sikuinuka.

"Muulize," nilimwambia dresa, "mimi napasuliwa lini?"

Dresa aliuliza. Jibu likarudi kwamba suala hilo litatazamwa wodi itakapokuwepo.

Nimewahi kukasirika mara nyingi maishani, mume wangu angewaambia, lakini sijawahi kukasirika kwa utulivu kama siku ile. Walikuwa wameniamini. Walikuwa wamenipapasa mmoja mmoja, wakajua kilichomo, wakapiga makofi, na sasa walikuwa wanakwenda kunawa kwa ajili ya chakula huku mimi nikangoje mahindi yakomae.

"Mwambie shingo yangu haisomi barua za serikali," nilisema. "Mwambie nitainuka nikijua siku."

Daktari wetu alininong'oneza kwa Kiswahili chake, "Mama, tafadhali, sasa hapana vizuri. Mimi taongea na yeye kesho."

"Kesho yeye yuko kwenye treni, Daktari. Leo yuko hapa."

Chumba kilekile ndicho kilikuwa cha kulia. Vijana wa kanzu wakaingia na meza, wakaniona nimekaa katikati, wakatazamana. Mkubwa wao akafanya jambo ambalo nitamwombea baraka mpaka nife: akaamuru meza zipangwe kunizunguka. Wakatandika vitambaa vyeupe kulia kwangu na kushoto kwangu, wakaweka sahani, bilauri, chumvi, kwa adabu kabisa. Hakuna aliyeniambia nisogee. Na kutoka jikoni mpishi akatuma neno kwamba nyama bado ngumu, itachelewa.

Wazungu walisimama mlangoni wakiwa na njaa. Mmoja alisema aitwe polisi. Nilisikia neno polisi, nikashika kiti kwa mikono yote miwili. Nilijiambia kwamba wakinitoa watanitoa pamoja nacho.

Mzee wa mvi hakuita polisi. Aliwatazama wenzake, kisha akapita katikati ya zile meza, akavuta kiti akaketi mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Alimwita dresa. Aliniambia kwamba akinikata atakata pia mshipa unaoendesha uso. Upande wa kushoto utalegea. Jicho halitafumba vizuri, mdomo utakwenda upande, na pengine baada ya yote hayo ugonjwa utarudi. Aliniuliza kama bado nataka.

Hapo nililia. Sikuwa nimelia tangu uvimbe uanze. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kuniambia yote, na aliyeniambia ni yule aliyekuwa hataki kuniona.

"Uso nimeutumia vya kutosha," nilisema. "Nina watoto wadogo. Siku gani?"

Akatoa kitabu cha mfukoni, akafungua, akanitajia. Ilikuwa Jumanne. Nikainuka, nikamwambia asante, na nyama nayo ikaiva saa ileile.

Mume wangu aliomba ruhusa kazini anisindikize Nairobi. Akanyimwa. Akaja hivyohivyo, na alikaa kwenye benchi la treni akiwa ameshikilia mfuko wangu mapajani kana kwamba utaruka dirishani. Kazini walimfukuza, na walipomchukua tena walimwambia ni kwa sababu hakuna anayebeba magunia mawili kama yeye. Mimi nilipasuliwa, nikaumwa vibaya, nikapona. Uso ulilegea kama nilivyoambiwa. Mume wangu alipenda kusema kwamba tangu hapo nikigomba anasikia upande mmoja tu. Mahindi yalivunwa nikiwa nyumbani, nikayapukuchua kwa mikono yangu.

Wodi haikuja mwaka ule, wala uliofuata. Kilichokuja ni mkutano mwingine wa chama. Dresa alinifuata akaniambia kuna mzee wodini, mfanyakazi wa shamba kutoka upande wa Moi's Bridge, ambako wakati huo kulikuwa na jina la mzungu, ana kidonda kikubwa kwenye ulimi. Daktari anataka kumpeleka mbele ya chama, na mzee amekataa katakata.

Nikaenda. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, na alinitazama uso kwa muda mrefu bila aibu, nami nikamwacha atazame.

"Ni kweli, mama," alisema kwa shida, "ulikaa mbele yao wote?"

"Nilikaa, Mzee."

"Wanafanya nini?"

Nikamweleza: wanabishana kwanza, halafu wanapapasa, wanatia vidole mdomoni, halafu wanaandika, halafu wanapiga makofi.

"Na wakimaliza?"

"Wakimaliza watakushukuru sana," nilimwambia, "halafu watakuambia unaweza kwenda. Usiende."