Mji Nilioujua kwa Simu

Kila Ijumaa, nikishatoka kanisani Mesaimeer, huku Doha, na kula, nilikuwa navaa raba zangu nzuri na kwenda kutembea Amerika.

Mganda mmoja, dereva wa hoteli tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja pale mtaa wa Al Mansoura, aliniita Meya. "Nyamazeni, Meya anakwenda kukagua mji wake," alikuwa akiwaambia wenzetu. "Meya, uwaambie watu wako wanifagilie barabara, nami nakuja!" Nilikuwa nacheka. Tena nilipenda kuitwa hivyo, sitadanganya.

Mwenye kutembea hasa alikuwa dada yangu. Yeye analea wazee usiku katika mji mdogo ambao jiji kubwa la Amerika limeufikia na kuuzunguka, na asubuhi akitoka kazini alikuwa anapitia katikati ya mji wa zamani kwenda kwake. Asubuhi yake ni mchana wangu. Basi ananipigia, anageuza kamera itazame mbele, na mimi huku naingia vichochoro vya Fereej Bin Mahmoud, upande wenye kivuli cha maghorofa. Akisimama kungoja taa, nami nasimama mbele ya bakala, lile duka dogo la kona, mpaka muuzaji akazoea na kuacha kuniuliza nataka nini.

Ulikuwa mji mzuri, jamani. Majumba ya matofali mekundu yamebanana bega kwa bega, kila moja limechongwa mwaka wake juu. Benki ya zamani yenye saa iliyokwama. Kinyozi mwenye mlingoti wa rangi unaozunguka hata kama hakuna mteja. Stesheni ambayo treni haisimami tena, sasa ni makumbusho. Maua yananing'inia kwenye nguzo za taa na hakuna anayeyang'oa.

"Soma hicho kibao, dada."

"Kinasema nyumba hii imepita miaka mia."

"Hiyo tu? Shamba la babu lina umri kushinda hilo jumba, na sijaona mtu akiliwekea kibao."

"Wee, acha!" Anacheka mpaka picha inatikisika.

Dada aliondoka nyumbani mimi bado navaa kaptula ya shule. Makaratasi yake hayamruhusu kutoka Amerika na kurudi. Akitoka, ametoka, na anaowalipia karo kule nyumbani ni wengi. Mama alipofariki, dada alimzika akiwa amesimama chooni kazini kwake, anatazama simu, mimi nikiwa Doha natazama simu yangu. Kwa hiyo tulikuwa na njia moja tu ya kuonana, nayo ni mimi kupata viza ya matembezi, niende likizo yangu itakapofika.

"Wiki mbili tu," alikuwa anasema. "Nikuguse nijue wewe ni mtu, sio picha."

Watu waliowahi kuomba viza walinishauri: ujue unakokwenda, wakikuuliza usibabaike. Mimi shule niliachia kidato cha pili, na darasani sikuwahi kung'aa, lakini huo mji niliusoma. Nilimwomba dada arudie barabara ile ile, polepole, upande wa kushoto Ijumaa hii, wa kulia Ijumaa ijayo. Kwenye lindo langu, nikiwa nimesimama mlangoni, nilikuwa naupitia kichwani nikifumba macho.

Siku yenyewe ya kuhojiwa ubalozini ikafika. Nyuma ya kioo alikuwa mama mmoja mpole. Akaniuliza nitakwenda kufanya nini.

Nikafunguka! Nilimwambia habari za kinyozi na ile saa. Nilimwambia jua la asubuhi hupiga upande gani wa barabara, na kwamba mwoka mikate hufungua kabla ya wote. Nilimwona ananisikiliza, nikazidi. Nikamwambia hata kwamba juu ya duka la misumari na rangi kuna chumba kinapangishwa, dirisha lake linatazama reli.

Akaacha kuandika.

"Umewahi kufika huko?"

"Bado, madam. Lakini naujua."

"Na hapa Doha una nini?"

Nikafikiri. Kweli nilifikiri. "Kazi," nikasema. "Ya ulinzi." Sikupata kingine cha kuongeza.

Pasi yangu ya kusafiria ilirudi kupitia chini ya kioo. Alinitakia kila la heri na nadhani alimaanisha.

Mganda alinisikiliza mpaka mwisho, safari hii bila utani. "Ndugu yangu," akasema, "wewe ulikwenda kuomba kutembea, ukaongea kama mtu anayehamia. Hata mimi ningekunyima."

Ijumaa ikaja. Kabla sijafungua mdomo, dada akaanza, "Ngoja, ngoja! Leo nataka umsalimie mtu." Akaingia kwa mwoka mikate. Sikuwahi kumwona akiingia mahali popote. Mzee wa Kizungu, unga mpaka kwenye ndevu, akachungulia kwenye kamera na kunipungia mkono.

"Huyu ndiye mdogo wangu," dada akamwambia.

"Anakuja lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

Nikatabasamu. Kazi ya mlangoni imenifundisha tabasamu ambalo mdomo hulitoa wenyewe. Mzee akasema atanitengenezea mkate wa mdalasini. Nikamshukuru.

Walipoagana, dada akatoka nje, bado anacheka.

"Dada," nikasema. "Wamenikatalia."

Hakusimama. Mkono wake tu ndio ulishuka, nikawa naona matofali ya njia na viatu vyake vyeupe vya kazi vikipita, kimoja, kingine.

"Ulisemaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote mpaka kile chumba. Nilidhani atacheka, kwa sababu mimi na yeye hucheka kila kitu.

"Kile chumba nilikuonyesha mimi," akasema.

"Sio kosa lako."

"Nilikuwa nafikiria ukifika... nilikuwa nimeshaulizia." Viatu vikasimama. "Unajua huyo mzee ndiye mtu wa kwanza mimi kuongea naye kwenye hii barabara? Miaka yote hii. Nikipita asubuhi watu hawajafungua. Nikirudi kazini wameshafunga. Mimi huu mji siujui, mdogo wangu. Nilikuwa napita tu nikienda kulala. Ni wewe ulianza kuniuliza kule kuna nini, na pale kuna nini, ndio nikainua kichwa."

Nilisimama chini ya kiyoyozi cha mtu kinachodondosha maji, na yakanidondokea shingoni, nisisogee.

"Tutaomba tena," nikasema.

"Eeh," akasema. "Tutaomba."

Ijumaa iliyofuata alinipigia akiwa amejilaza kitandani, kamera imemtazama yeye, na uso wake nikauona umechoka kuliko nilivyokuwa nikidhani. Akaniambia kuna basi linalopita nyuma, kando ya barabara kuu, linamfikisha haraka zaidi.

"Nitakuwa napanda hilo."

"Ni afadhali," nikamwambia. "Miguu ipumzike."

Akaniuliza nimekula nini. Nikasema biriani, ingawa sikuwa nimekula kitu. Akasema vizuri, akafumba macho, na mimi nikakaa kitandani nimeishika simu, namtazama analala, mpaka laini ikakatika yenyewe.