Nilimpelekea Mum kitabu Rongai, sasa nina wivu na mke wa brother yangu

Niaje wakuu.

Kuna mtu amefungua uzi hapo juu anauliza tunasoma nini siku hizi na tungependekeza nini. Nilianza kumjibu kwa sentensi moja, nikajikuta natype mpaka chai imepoa. Nikaona nifungue uzi wangu. Yote haya yamenitokea mimi, sijatia chumvi, na pale ninapoonekana mbaya nimejiacha hivyo hivyo.

Wanaonijua humu wanajua mimi ndiye yule wa kupendekeza vitabu. Mtu akiuliza riwaya ya wikendi, nafika kabla ya wote. Nashona uniform za shule pale Free Area, Nakuru, na chini ya meza ya kukatia vitambaa hakukosi kitabu. Wateja wamezoea kusubiri nimalize ukurasa.

Ugonjwa huu niliutoa kwa Mum.

Mum anaishi Rongai ya huku Nakuru, kwa shamba la familia. Zamani alikuwa anauza nafaka sokoni, na kila nikikumbuka ile stall yake namwona ameketi katikati ya magunia na riwaya imekunjwa mkononi. Mteja anauliza bei ya maharagwe, yeye anajibu bila kuinua macho.

Kisha presha ya macho ikamwingia. Dawa ya matone anaweka mpaka leo, lakini herufi ndogo zilienda. Anaona mtu ameingia, anaona rangi ya nguo yako, ila ukurasa wa kitabu kwake ni ukungu tu.

Hapo ndipo nilianza kwenda kila Jumamosi kumsomea.

Niwaeleze vile tunakaa, maana kila kitu kiko hapo. Mum hawezi kukaa mikono mitupu. Nikifungua kitabu, yeye anavuta karai, anachukua mahindi makavu na kuanza kupukuchua kwa mkono. Punje zinaanguka kwenye karai, mimi nasoma. Hadithi ikiwa ya kawaida, mikono inaenda. Hadithi ikipata moto, mikono inasimama. Anabaki ameshika hindi lake mpaka nimalize ile sehemu.

Wakuu, hakuna like ya humu imewahi kunifurahisha kama ile karai ikinyamaza.

Na mimi huwa sisomi mbele. Hiyo ni sheria yangu. Kitabu nakiacha kwake, juu ya kabati la TV, Jumamosi inayofuata tunafungua tulipoachia na tunashangaa pamoja. Au ndivyo nilivyodhani.

Sasa tuje kwa Sharon.

Sharon ni mke wa brother yangu, Kevo. Kevo anafanya kazi Olkaria kule kwa visima vya mvuke, anakuja nyumbani akiwa off. Sharon anaishi hapo hapo kwa compound, nyumba yake na ya Mum zinatenganishwa na kamba ya nguo. Ni msichana mzuri, sina shida naye. Yaani, sikuwa na shida naye. Anapika chapati laini, anacheka mpaka majirani wanajua, na anamwita mama yangu "Mum" kwa sauti tamu mpaka unashindwa kujua ni nani alizaliwa kwa hiyo nyumba.

Mimi ndiye firstborn. Rongai nzima inamwita mama yangu Mama Wanja, na Wanja ni mimi. Naomba hilo likae kwenye rekodi.

Basi, mapema mwaka huu nilipeleka riwaya moja ya mjane aliyeachiwa posho mill, mashine ya kusagia unga, na marehemu mumewe. Mashemeji wanaitaka. Mmoja anamtisha, mwingine anamsaidia, na wewe msomaji unampenda huyu wa kumsaidia mpaka unataka waoane. Title sitaweka hapa. Nitawaambia sababu chini.

Jumamosi moja tukafika mahali posho mill inachomwa moto, na mjane anagundua aliyewasha ni yule yule shemeji mzuri. Nikapunguza sauti. Nikasubiri karai inyamaze.

Karai haikunyamaza.

Mum alikuwa anapukuchua kama mtu anayesikiliza bei ya mbolea kwa redio. Nikarudia ile sentensi, nikidhani hakusikia vizuri.

"Nimesikia," akasema. "Endelea."

Nikaendelea, lakini moyo ulikuwa umeshaingia doa. Mwanamke huyu Jumamosi ya kwanza mikono yake ilisimama mjane alipopoteza mbuzi. Sasa posho mill inaungua na hata hakohoi?

Nikaenda jikoni kuongeza chai. Sharon alikuwa huko anakanda unga. Akaniuliza kwa roho safi kabisa:

"Wanja, mmefika wapi? Kwa moto? Aki ile chapter! Mimi nilikaribia kulia. Mum alinishika mkono hivi."

Akanionyesha vile alishikwa. Na unga wake kwa vidole.

Niliweka kikombe chini polepole kwa sababu nilitaka kukirusha. Kumbe katikati ya wiki, mimi nikiwa Free Area natia zipu kwa sketi za watoto wa watu, huyu anavuka kamba ya nguo, anachukua kitabu CHANGU juu ya kabati na kumsomea mama YANGU. Zile pumzi zote Mum anashika pale mambo yanapochacha, anazishikia kwa Sharon. Mimi nakuja Jumamosi kuletewa makapi.

Jioni nilipoondoka niliweka kitabu kwa handbag.

"Unakibeba?" Mum akauliza. Kumbe aliona.

"Nataka kukifunika na karatasi, kinararuka."

Uongo mtupu. Kilikuwa kipya.

Wiki hiyo nilishona vibaya. Kuna mtoto alipata kaptura yenye mguu mmoja mrefu. Nikampigia Kevo nikamwambia mke wake hana adabu ya vitabu. Nikasikia Kevo anajizuia asicheke.

"Wanja, tafadhali. Uko na wivu ya kitabu?"

"Si ya kitabu."

"Sasa ni ya nini?"

Nilikata simu. Wenye ndugu wa kiume mnajua wanavyoweza kuuliza swali la kijinga ambalo hulali ukilifikiria.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema kuliko kawaida. Mlango wa Mum ulikuwa wazi kidogo, na nikasikia Sharon anasoma. Si kitabu changu. Ni kimoja cha Kiingereza alichotoa kwa wauza mitumba wa vitabu mjini Nakuru, kile cha jalada la mwanaume amefungua vifungo vya shati mpaka kwa kitovu. Mapenzi ya daktari wa ng'ombe na mwanamke mwenye ranch. Mimi vitabu kama hivyo huwa navipita na pua juu.

Na hasomi kama mimi. Anaangalia Kiingereza, anatoa Kiswahili chake, anarukaruka, anacheka, anasimama katikati na kuuliza maswali. Mwenye ranch alikuwa amemwacha daktari, na daktari amekuja kumwomba arudi.

"Mum, wewe ungemrudia?" Sharon akauliza.

Na Mum akajibu. Nilisikia kwa masikio yangu nikiwa nimesimama hapo nje na mfuko wa sukari.

"Mimi nilimrudia baba yao. Na si mambo ya mapenzi. Nilikuwa nimeacha ng'ombe wangu huko."

Sharon akacheka mpaka akapiga meza. Mum naye akacheka.

Wakuu, mimi ni mtoto wa kwanza wa hao watu wawili. Sikuwahi kujua kwamba mama yangu aliwahi kumwacha baba yangu. Aliondoka lini? Akaenda wapi? Na mimi nilikuwa wapi, mgongoni? Marehemu baba yangu nimemzika bila kujua, na mtu aliyeolewa juzi amepewa hiyo habari kwa sababu ya daktari wa ng'ombe asiyefunga shati.

Na karai ilikuwa imenyamaza. Kimya kabisa. Kwa Sharon.

Niliingia bila kubisha. Sharon akainuka kunisalimia, nikamjibu kwa mkato, akaelewa, akasema anaenda kuanika nguo. Nguo zilikuwa zimeshaanikwa, nilizipita mwenyewe.

Nikatoa kitabu changu kwa handbag, nikakiweka mezani.

"Mum, niambie tu. Kama Sharon ndiye anakusomea, mimi nitaacha. Siwezi kuwa nasoma mambo mlishamaliza."

Nilitaka aseme hapana. Nilitaka aseme Sharon anamsumbua tu na hana namna ya kumfukuza. Nina miaka yangu lakini siku hiyo nilikuwa wa darasa la pili.

Mum akachukua hindi lingine. Akapukuchua mstari mmoja.

"Hicho tulimaliza kitambo," akasema.

"Mmemaliza? Chote?"

"Wiki ile ya kwanza ulikileta. Sharon akianza haachi. Nikuambie mjane anafanya nini?"

"Usiniambie!"

"Basi."

Nikakaa chini. Nikaanza kuhesabu Jumamosi zote ambazo nimesoma na mbwembwe, nikibadilisha sauti za mashemeji, nikinyamaza kwa mkato mwisho wa chapter ili abaki na hamu. Na yeye anajua. Mara nyingine alikuwa ananiomba nisome polepole. Nilidhani ni utamu.

"Sasa kwa nini hukuniambia? Umekaa hapo unanisikiliza bure."

"Si bure."

"Ulikuwa unajua mwisho!"

"Ndio nikasema usome polepole," Mum akasema. "Wanja, kabla ya mambo ya vitabu, wewe ulikuwa unakuja hapa unaweka unga na sukari, unakunywa chai ukiwa umesimama, unaniambia cherehani inakungoja. Mpaka Sharon akawa ananiuliza kama nimekukosea. Umeleta kitabu, ukaanza kukaa. Sasa nikuambie nimejua mwisho, si utafunga uende?"

Nikauliza kile kilichokuwa kinaniuma.

"Na mambo ya kumwacha baba? Hiyo pia ungeniambia lini?"

"Wewe ukisoma hutaki mtu akohoe," akasema. "Mimi ningeongea saa ngapi?"

Akarudi kwa mahindi yake kama mtu aliyetaja habari ya mvua. Mimi nililia kidogo, kisha nikakasirika kwamba nimelia, kisha nikamwambia anieleze hiyo safari yake yote, na nisisikie ameruka kitu. Akanieleza. Alienda kwa dada yake Subukia na mimi nikiwa mgongoni kweli, na tulirudi kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anaitwa jina langu. Yaani mimi ndiye nilipewa jina lake, si yeye kupewa langu. Hiyo nayo ni habari nitaitafuna pole pole.

Siku hiyo kitabu hakikufunguliwa. Nilikaa mpaka Sharon akaleta chapati, na nilikula nikiwa nimeketi.

Sasa ndio vile tunaishi. Katikati ya wiki ni ya Sharon na daktari wake. Jumamosi ni yangu na mjane. Mum anajua mwisho, mimi sijui, na imebaki chapter moja ambayo tumeisogeza mara kadhaa kwa visingizio. Ndio sababu title sijaweka. Nawajua nyinyi. Kuna mtu ataandika mwisho kwa comment ya kwanza akidhani anasaidia.

Je, wivu umeisha? Wacha niseme ukweli. Haujaisha. Sharon akisema "Mum" bado nasikia kitu hapa kifuani. Akinunua kitabu kipya nataka kujua ni kipi kabla hajafika nacho nyumbani. Na akimfanya Mum acheke, ninatafuta njia ya kumchekesha zaidi kabla sijaondoka.

Lakini Jumamosi iliyopita nilifika tena mapema, na wao hawakuwa wamemaliza. Sharon alikuwa mahali ambapo daktari wa ng'ombe amepata barua ya kazi ya mbali, amefika hadi kwa geti la ranch kuaga, na mwenye ranch amejificha nyuma ya zizi hataki kuonekana akilia. Nikasikia punje zinaacha kuanguka. Nikanyoosha mkono kubisha.

Sikubisha. Nilirudi nyuma nikasimama hapo kwa kamba ya nguo na shati la Kevo likinipiga usoni, nikisubiri kujua kama atamwita arudi. Ndani Sharon akageuza ukurasa, akasema, "Mum, hapa tuachie, Wanja yuko karibu kufika," akafunga kitabu.

Afunge! Hapo!

Kwa hivyo mwenzetu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Nasoma riwaya ya mjane na posho mill, naipendekeza kwa moyo wote, title mtapata tukimaliza. Na kuna ile ya daktari asiyefunga vifungo. Nayo pia naipendekeza, ingawa kusema hivyo kunaniuma kwa meno.

Nilichojifunza ni kwamba ukimpa mtu kitabu, hujamnunua yeye. Atakisoma na anayetaka, na atamwambia huyo mwingine mambo ambayo hukuwahi kumpa nafasi akuambie. Ukitaka kuyasikia, funga kitabu kidogo, ukae.

Semeni nanyi. Mnasoma nini, na mnamsomea nani? Kuna mwingine aliyewahi kunyang'anywa msikilizaji, ama ni mimi peke yangu? Matusi pia naruhusu, mradi yasiwe na spoiler.

Na Sharon, najua Kevo atakutumia hii link kabla ya lunch. Yule daktari asiondoke kwa hilo geti kabla sijafika Jumamosi.